Printa inapozingua: maswali yenu kuhusu misemo ya Kiingereza

Bosi ameandika printa iko "on the blink". Nimekagua taa zake, hakuna inayopepesa. Ana maana gani?

Imeharibika, au inafanya kazi inapojisikia. Achana na taa. Mmarekani angeweza pia kusema iko "on the fritz", na hapo utasikia watu wakidai kwamba Fritz ni askari wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Kwanza. Si kweli, msemo ulishachapishwa Marekani miaka mingi kabla ya 1914. Wewe mjibu tu: ndiyo bosi, inazingua.

"Haywire" ni waya gani?

Ni waya wa kufungia marobota ya nyasi kavu za mifugo. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakata magogo wa Marekani walilitumia neno hilo kuidharau kambi yenye zana mbovu za kuungaunga. Umeshaona bajaji ambayo bampa limeshikiliwa na waya na kamba ya mpira? Basi ndiyo hiyo. Baadaye maana ikasogea hadi kwenye kitu kilichoacha kutii kabisa. Hapo mimi hutafsiri "kwenda arijojo". Watoto wa pwani wanalijua: tiara imekatika uzi, inapepesuka juu ya minazi, na wewe umebaki na kijiti mkononi.

Nimekatwa alama kwa kutafsiri "out of kilter" kuwa "nje ya kilter". Nimeonewa?

Hujaonewa. Zamani "kilter" ilikuwa hali nzuri ya kufanya kazi. Leo imebaki ndani ya msemo tu. Mlango uliolegea bawaba umekwenda tenge. Mipango imekwenda mrama. Na mrama, kwa wasioijua bahari, ni kule kuyumba kwa chombo, ubavu huu, ubavu ule. Kila mtangazaji akisema bajeti imekwenda mrama, naona jahazi lililopakiwa vibaya.

"Throw a spanner in the works" ni "kutupa spana kazini"?

Hapana, "works" hapa ni mitambo. Mwingereza hutupa spana yoyote. Mmarekani hutupa ile inayofunguka na kujibana, ambayo mafundi wetu huiita spana malaya. Ila usimtafutie msomaji wako spana ya aina yoyote. Mwambie kitumbua kimeingia mchanga, atasikia mwenyewe unavyokwaruza menoni.