Jibu: Mji Mkongwe ndani ya Minecraft, nianzie wapi?

Mkuu, umeuliza kama unaweza kujenga Mji Mkongwe wote wa Zanzibar ndani ya Minecraft, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa matofali, peke yako. Usianze na mji wote. Chukua kona moja yenye watu. Jaws Corner panafaa, pale pa kahawa na siasa.

Kazi iko kwenye vipimo. Tofali moja la mchezo ni mita moja kila upande, kwa hiyo baraza la nje ukilijenga kwa tofali zima linamfika mtu kiunoni, nani atakaa hapo? Tumia nusu tofali. Vichochoro viwe na upana wa matofali mawili tu, ukizidisha umejenga Kariakoo. Milango ya nakshi iache kwanza, itakutoa roho.

Na seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ambamo wengine wanaingia kwenye mji wako, uifunge, waingie unaowajua. Mwaka 2014 serikali ya Denmark iliweka nchi nzima humo kwa kipimo halisi. Baruti waliizima, wakasahau kigari cha reli chenye baruti! Wahuni wakalipua majengo na kuchomeka bendera za Marekani.

Ukimaliza, waoneshe wazee wa mtaa. Watakwambia duka la nani lilikuwa wapi.