Kabla ya kutazama mtungi, pitisha kidole kwenye shina

Mtu akiniletea picha ya Nepenthes, mmea unaonasa wadudu kwa mitungi, akitaka jina lake, mara nyingi picha ni ya mtungi peke yake. Humwomba apige nyingine: shina, na pale jani linaposhikana nalo. Mtungi unavutia macho, lakini hudanganya. Mmea ukiwa mfupi hutoa mitungi minene yenye mbawa mbili upande wa mbele. Ukishapanda juu ya miti hutoa mirefu iliyochongoka chini, na zile mbawa hubaki mistari tu. Watu wamebishana mbele yangu kwamba hizo ni spishi mbili, kumbe shina ni lile lile.

Chukua spishi mbili za Nepenthes, gracilis na mirabilis, zinazopatikana zote mbili katika visiwa vya Borneo na Sumatra. Pitisha kidole gumba kwenye shina la gracilis: utahisi kingo, kwa sababu shina lina pembe, na kitako cha jani hakiishii kwenye kifundo bali huteremka kimeambatana na shina. Jani la mirabilis hushikana na shina kwa kikonyo, nalo ni laini kama karatasi. Liinue kwenye mwanga utazame pembezoni. Mmea ukiwa mchanga utaona vinyweleo vimejipanga ukingoni. Ukishamaliza hapo, ndipo urudi kwenye mtungi: ukingo wa mdomo wa gracilis ni mwembamba mno, wa mirabilis ni mpana na bapa.

Na usipite bila kukitazama kifuniko cha gracilis, maana sijaona mtego mzuri kuuzidi. Sisimizi hutembea chini yake wakilamba utamu. Tone la mvua likikipiga kwa juu, kinatikisika, nao wanatumbukia.

Madukani Ulaya kazi ni nyingine. Kibandiko kikisema alata, spishi nyingine ya Nepenthes, usikiamini upesi; mara nyingi ni chotara aitwaye ventrata, na mtungi uliobanwa kiunoni ni urithi wa mzazi wake, ventricosa. Isitoshe, mwaka 2013 wataalamu waliigawa upya alata ya Ufilipino, na mimea mingi iliyokuwa ikibeba jina hilo sasa huhesabiwa kuwa spishi nyingine, graciliflora. Kwa hiyo muulize muuzaji mbegu au kipandikizi kilitoka kisiwa gani na mlima gani, uandike kwenye chungu kwa penseli, kwani wino hufutwa na unyevu.