Hesabu pumzi kabla ya kutafuta madoa

Kangaja wangu wa kwanza, samaki wa baharini, nilimpata kwa mzee mmoja mvuvi hapa Raskazone, Tanga. Alimtoa kwenye dema, mtego wake wa samaki, akiwa hai, akaniletea kwenye ndoo. "Huyu si wa kupika, mwanangu, huyu ni wa kutazama." Nikamtia moja kwa moja kwenye tangi langu la kioo la maji ya bahari, pamoja na wenzake.

Siku ya tano akatokwa na vidoa vyeupe mapezini, kama punje za chumvi. Siku ya nane vyote vikatoweka, nikamwambia mke wangu samaki kapona. Wiki mbili baadaye vikarudi, safari hii kwa samaki wote, na kati ya saba nikazika watano.

Laiti ningejua kwamba vidoa kutoweka si kupona! Kimelea chenyewe ni Cryptocaryon irritans. Hukaa ndani ya ngozi ya samaki siku 3 hadi 7, kikishiba hudondoka, hujifungia kwenye gamba lake mchangani au jiweni na kujigawa humo. Kisha hutoka vichanga kwa mamia, pengine baada ya siku chache, pengine baada ya wiki kadhaa, vikitafuta samaki wa kuingia.

Kwa hiyo siku hizi naanza na mashavu. Alfajiri, kabla ya kuwasha taa, navuta kigoda hadi kwenye kioo, nachagua samaki mmoja na kuhesabu shavu linavyofunguka kwa dakika nzima. Kangaja yule alipokuwa mzima alikuwa akipumua mara 80 hivi. Siku mbili kabla hajafa nilihesabu 140. Vimelea vingi huanzia mashavuni, ngozi ikiwa bado inang'aa. Mtazame pia anayepumua kwa shavu moja, anayejisugua mchangani, au anayeng'ang'ania kukaa mbele ya mkondo wa pampu.

Umeme ukikatika na pampu ikasimama, samaki wote hupanda juu kuhema kwa pamoja. Hapo kwanza ni hewa: chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, tena na tena. Anayehema peke yake huku wenzake wametulia ndiye wa kumtilia shaka.

Ninaloliogopa kuliko yote ni gonjwa la kimelea kingine, Amyloodinium. Hilo halina punje za chumvi, ni vumbi laini la rangi ya dhahabu. Mulika tochi kwa ubavuni, utaliona. Samaki hukimbia mwanga, hukataa chakula, na huweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Usisubiri kesho.

Michubuko ya dema nayo isikutishe. Haiongezeki wala haihamii kwa mwingine. Na uvimbe mweupe pezini unaofanana na koliflawa mara nyingi ni virusi. Maji safi na chakula kizuri humtosha.

Ukishuku minyoo ya ngozi, chukua beseni jeusi, tia maji matamu yasiyo na klorini, yenye joto na pH (kipimo cha uchachu wa maji) sawa na ya tangi, na pampu ya hewa. Muweke samaki dakika 5 ukimwangalia muda wote, akilegea, mtoe. Nilimfanyia hivyo kitatange aliyekuwa na macho yenye ukungu. Dakika ya tatu zikaanza kudondoka chembe nyeupe kama ufuta, nikahesabu 19 chini ya beseni. Ngozi yake ilikuwa haijaonyesha hata moja.

Dawa ya shaba naitumia kwenye tangi la pembeni tu, kwa kipimo, maana huua kamba, kaa na matumbawe. Humo ndimo kila mgeni hukaa wiki 4 nikimhesabia pumzi.

Tangi kubwa nililiacha bila samaki siku 76, kaa na konokono wakitembea peke yao, mpaka vimelea vikakosa pa kuingia. Ndipo nikamwendea mzee, nikampa shikamoo, nikamwomba aniangalizie kangaja mwingine.