Jibu kwa mleta uzi: hilo zumari la euro 520 USILIPE

Mkuu, toka kwanza kwenye hilo tangazo. Umeuliza mambo matatu: kama "seti kamili" ya zumari la uilleann, lile zumari la mfuko la Ireland, kwa euro 520 ni bei nzuri, kama ngoma ya bodhrán ni rahisi zaidi kwa anayeanza, na vipi mgeni anajiunga na wapigaji kwenye baa za mji wa Galway. Nimesoma la kwanza tu presha ikapanda.

Picha uliyobandika naijua. Mti mweusi unaong'aa, vyuma vya rangi ya dhahabu, sanduku lenye velveti nyekundu. Pacha wake nilimnunua miaka sita iliyopita, mwaka wangu wa pili Dublin, kwa euro 480. Cheka tu. Mimi mtu wa Lamu, zumari nimelisikia harusini tangu nabebwa, na mjomba wangu alikuwa mpigaji. Nikajisemea, hawa Waailandi nao wana zumari lile lile, wamelivisha mfuko tu.

Kumbe halipulizwi. Uilleann ni neno la Kiailandi, la kiwiko. Unakaa kitini, kiwiko kimoja kinakamua mivuo, cha pili kinabana mfuko, na vidole viko kwenye chanta, ile filimbi ya kupigia wimbo. Ujanja wote wa mjomba wa kuhifadhi pumzi mashavuni haukunifaa kitu. Mdomo unabaki huru kwa ajili ya kulia.

Na nililia. Noti ya chini kabisa, D, ilitoka kama punda aliyekanyagwa mkia. Kupanda oktava ya pili, yaani noti zile zile kwa sauti ya juu, unaziba chanta kwenye goti kidogo, unaongeza nguvu ya mfuko, sauti inaruka. Yangu iliruka ikaangukia katikati, si huku si kule. Nikamwandikia muuzaji. Unajua alinijibu nini? Eti ndivyo lilivyo, kwani sijasikia kwamba zumari hili linataka miaka 7 ya kujifunza, 7 ya mazoezi na 7 ya kupiga? Usemi huo upo kweli, wazee wa huku wanautaja. Yule bwana aliugeuza waranti, ila inamlinda yeye! Kwenye tangazo alikuwa ameandika pia kwamba UNESCO waliuingiza upigaji huu kwenye orodha ya urithi mwaka 2017, utadhani walikuja stoo kwake kukagua.

Nikamwamini. Miezi 14 nikaamini kosa ni la vidole vyangu. Kila jioni saa nzima, jirani wa juu anagonga sakafu, mpaka tukajuana majina. Nikanunua ulimi mpya wa tete, euro 70. Haukusaidia, nikanunua mwingine, 70 tena. Mfuko ukaanza kuvuja, fundi akala 110. Jumlisha: 730, nauli sijahesabu, na sina hata wimbo mmoja.

Julai nikaenda Miltown Malbay, kule Clare, kwenye ile wiki ya mafunzo yenye jina la mpigaji Willie Clancy, inayofanyika tangu 1973. Mzee mmoja akalichukua langu, akapiga noti mbili, akasimama. Akachomoa ulimi, akaweka wake, akapiga tena. Kisha akaielekeza chanta dirishani akachungulia tundu lake kama anayechungulia bunduki. Akaniambia ulimi hauna kosa, tatizo ni tundu lenyewe. Tundu la chanta linatakiwa lipanuke taratibu kuelekea chini, na likitobolewa vibaya oktava mbili hazitakubaliana milele, hata ulete ndimi mia. Akanipa chanta yake. Dakika kumi, D ikatoka safi, ya juu na ya chini. Miezi 14, mkuu! Nikakumbuka kwamba mdomo uko huru.

Kwa hiyo: usitoe hata senti kabla mpigaji mzoefu hajalipiga mbele yako, OKTAVA ZOTE MBILI. Kuliangalia haitoshi. "Nina rafiki anajua muziki" haitoshi, mimi nilikuwa na mjomba.

Halafu seti kamili ya nini? Hiyo ina mabomba matatu ya kuvuma na mengine matatu yenye funguo za kupigia noti kadhaa kwa pamoja kwa kifundo cha mkono, wakati wewe bado hujaweza kukamua mivuo bila kujipiga mbavu. Anayeanza anachukua seti ya mazoezi: mfuko, mivuo, chanta, basi. Ya fundi wa kuaminika inakaribia euro 1,000 au inazidi, ndiyo maana 520 kwa seti kamili ingetakiwa ikutishe. Na huhitaji kununua. Kuna chama cha wapigaji tangu 1968, kinaitwa "Na Píobairí Uilleann", pale Henrietta Street Dublin, wana mpango wa kuazimisha seti kwa wanaoanza. Mimi niliambiwa hilo na yule mzee, siku ile ile, nikiwa nimeshachoma 730. Ukisubiri zamu, nunua filimbi ya bati ya D, euro kumi na kitu, vidole vizoee nyimbo.

Bodhrán ni ngozi ya mbuzi, hiyo hata ukikosea utakaangia kitu. Natania. Kuna jambo lingine uliuliza, la baa sijui, nitarudi.

Kwanza nijibu hapa hapa: umeshatuma hela au bado?