Maswali ya Wasomaji: Nitapataje nafasi ya uanagenzi wa usolisita huku Uingereza?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, niko mwaka wa pili wa shahada ya sheria hapa Leicester. Nimeomba nafasi za uanagenzi na za mafunzo ya likizo kwenye kampuni kubwa za mawakili London, na majibu ni yale yale: asante kwa kuomba, safari hii hukufanikiwa. Kwetu hakuna wakili hata mmoja. Mwisho wa wiki nafanya kazi nyumba ya wazee, na jioni nawasaidia watu wanaozungumza Kiswahili, Wakongo hasa, kuwatafsiria na kuwajazia fomu za uhamiaji. Wenzangu wanasema hayo si uzoefu wa sheria, niyaondoe kwenye wasifu wangu. Ni kweli? Na huo uzoefu nitautoa wapi, ikiwa kila mtu anautaka kabla hajanipa nafasi?
Binti wa Kisauni, Leicester

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kuhusu nyumba ya wazee wenzako wamekosea, nitakueleza. Lakini nianze na lililonishtua kwenye barua yako, nalo ni zile fomu za uhamiaji.

Huku Uingereza, mtu anayefanya shughuli ya kushauri watu mambo ya uhamiaji, kwa malipo au bure, lazima awe wakili mwenye sifa au awe chini ya Mamlaka ya Ushauri wa Uhamiaji, ile ambayo hadi Januari 2025 ilijulikana kwa herufi OISC. Kinyume chake ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999. Jirani akikuomba umsomee barua, huo ni ujirani. Kumwandikia jibu analolitamka yeye mwenyewe, sawa. Ila ukimwambia aombe viza ipi, au swali la safari yake alijibu vipi, hapo unashauri. Na ukishakuwa mtu anayetafutwa kila jioni kwa kazi hiyo, unajiweka pabaya. SRA, chombo kinachosimamia masolisita (mawakili wanaoshughulikia mambo ya wateja kutoka ofisini) wa England na Wales, humchunguza kila mwombaji tabia yake kabla ya kumwandikisha. Usiwape cha kuuliza.

Tena kuna madhara kwa wale unaowasaidia. Ofisini kwetu Birmingham tunafanya kazi za nyumba na za uhamiaji, na nimepokea mafaili ya watu waliokimbia Kivu ambao tarehe zao kwenye fomu hazilingani na walizozitaja kwenye usaili, kwa sababu tu aliyewajazia fomu alikisia mwezi. Mtu alisema "mvua zilipoanza", mwenzake akaandika Oktoba. Jaji akiona tofauti ile anaweza kuihesabu kuwa uongo, na mama wa watu amesema kweli tupu. Kwa hiyo sikuambii uwaache watu wako. Ihamishie kazi hiyo mahali penye msimamizi, na papo hapo utakuwa umejijengea uzoefu unaoutafuta.

Hapa ndipo wengi hawajajua kilichobadilika. Tangu 1 Septemba 2021, ili uwe solisita unahitaji shahada, mtihani wa SQE wenye sehemu mbili, tabia njema, na miaka miwili ya uzoefu wa kazi unaotambulika, unaoitwa QWE. Mkataba wa mafunzo wa zamani, wa miaka miwili katika ofisi moja ukihamishwa idara hadi idara, kampuni nyingi bado wanautoa, na ni mzuri. Ila si mlango pekee tena. Miaka hiyo miwili unaweza kuikusanya katika taasisi zisizozidi nne, ukilipwa au ukijitolea, kabla ya mtihani au baada yake: kliniki ya sheria ya chuo, kituo cha sheria cha mtaani, ofisi ndogo ya mawakili unakofanya kazi ya msaidizi wa kisheria, hata nje ya Uingereza. Sharti ni kwamba iwe huduma ya kisheria ya kweli kwa watu wa kweli, si mazoezi ya darasani, na kwamba solisita wa England na Wales, au afisa wa ofisi anayesimamia utii wa kanuni, athibitishe muda uliofanya na kwamba ulipata nafasi ya kukuza ujuzi wa solisita.

Piga hesabu. Siku moja kwa wiki ni moja ya tano ya kazi kamili, basi mwaka mzima wa kliniki ya kila Jumatano unakupa takriban miezi miwili na nusu. Si haba, lakini usidanganyike kwamba umemaliza. Na hizo taasisi nne zitumie kwa uchoyo. Nimeona vijana wakitaka kuandikisha wiki mbili hapa na wiki tatu pale, na nafasi zote nne zikaisha wakiwa na miezi miwili mkononi. Vijisafari vya wiki moja viweke kwenye wasifu, usivihesabu kwenye QWE. Hesabu pale utakapokaa.

Kabla hujaanza mahali, uliza waziwazi: kazi yangu itakaguliwa na solisita gani, na atakuwa tayari kunithibitishia? Mwenye nia njema hatakasirika. Kisha kila Ijumaa andika ulichofanya wiki ile, bila jina la mteja wala anwani yake: nimemhoji mpangaji, nimepanga nyaraka kwa tarehe, nimeandika rasimu, imerudishwa kwa sababu hii. Siku ya kuondoka, omba uthibitisho pale pale. Masolisita huhama ofisi, na kumsaka mtu miaka mitatu baadaye ni kazi ngumu.

Pa kwenda: anza na kliniki ya chuo chako. Kisha Citizens Advice, shirika linalowashauri wananchi bure, na vituo vya sheria. Kituo cha kwanza kilifunguliwa North Kensington, London, mwaka 1970, na si mbali nanyi, Coventry na Birmingham wana Central England Law Centre. Tangu msaada wa kisheria wa serikali ulipopunguzwa Aprili 2013, watu wenye shida za nyumba, mafao na familia wamejaa milangoni na mawakili wa kuwasimamia wanaojitolea ni wachache. Ndiyo maana anayefika kila wiki, kwa wakati, miezi tisa mfululizo, ana thamani kuliko mwenye alama za juu anayetoweka msimu wa mitihani. Waambie mapema kwamba mwezi wa tano utapunguza siku. Wataelewa.

Kiswahili chako kitaje, tena juu kabisa. Ofisi za uhamiaji zinazopokea Wakongo na Warundi zinamhitaji mtu wa kumpokea mteja aliyekaa pale mapokezi hajui kinachoendelea. Ila Kiswahili cha Bukavu si cha Kisauni, kwa hiyo usijigambe kwamba unaelewa kila neno; sema kweli, na uliza upya pale usipoelewa. Ukalimani peke yake hauhesabiki kuwa QWE, na mkalimani hapaswi kuegemea upande wowote. Ukiwa umeketi kama mkalimani, tafsiri tu. Ukiwa msaidizi wa kisheria, andika maelezo ya shahidi chini ya solisita, na ukalimani mwachie mwingine. Kazi mbili hizo usizichanganye katika faili moja.

Sasa nyumba ya wazee. Kila zamu, si unaandika kumbukumbu ya mzee: amekula nini, amelala saa ngapi, ameanguka au hakuanguka, amekataa dawa na alisema nini? Kumbukumbu ile ni ushahidi. Ikitokea kesi ya uzembe au mgogoro wa familia, ndiyo karatasi ya kwanza mawakili wataiomba. Wewe umeshajifunza kuandika ulichokiona bila kutia lako, na kutunza siri. Umewaona pia wazee wasiokumbuka siku wala mahali, na wauguzi wakijadiliana kama mzee anaweza kuamua mwenyewe kukataa kuoga au kutoka nje. Hiyo ni Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005 ikifanya kazi mbele ya macho yako. Mwombaji anayeomba ofisi inayoshughulikia mambo ya wazee na Mahakama ya Ulinzi (inayoamua mambo ya watu wasioweza kujiamulia), akanieleza hilo kwa ufasaha na bila kumtaja mzee yeyote, nitamwita kwenye usaili. Haiwi QWE, hapana. Lakini usithubutu kuiondoa kwenye wasifu.

Tatizo la maombi mengi yanayopita mezani kwangu ni namna yalivyoandikwa. Chukua mfano huu: "Nina ari kubwa na sheria, nina uwezo mzuri wa mawasiliano, na nimesaidia jamii yangu." Nikifika mwisho wa sentensi hiyo sijui chochote. Linganisha na hii: "Tangu Oktoba, kila Jumatano katika kliniki ya chuo ya mambo ya nyumba, nawahoji wapangaji nikisimamiwa na solisita. Mama mmoja alileta picha za ukungu ukutani, zaidi ya mia, zimechanganyika kwenye simu. Nilizipanga kwa tarehe, nikazilinganisha na ujumbe aliomtumia mwenye nyumba, na rasimu yangu ya barua ya madai ikaonyesha kwamba alilalamika mara ya kwanza miezi saba kabla ya fundi kufika. Msimamizi alifuta aya zangu mbili zilizokuwa na hasira na kuacha tarehe." Huyu wa pili nimemwona akifanya kazi. Hata ile aya iliyofutwa imenionyesha kwamba anakubali kusahihishwa.

Swali la "kwa nini umechagua ofisi yetu" nalo lijibu kwa kazi wanayofanya, si kwa sifa walizojiandikia kwenye tovuti. Ukiomba ofisi ya nyumba, nisikie umesoma Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025, na kwamba unaijua Sheria ya Awaab, ya kuwabana wenye nyumba washughulikie ukungu na hatari kama hizo, iliyoanza kutumika kwa nyumba za jamii (za halmashauri na vyama vya nyumba) tarehe 27 Oktoba 2025, iliyopewa jina la mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale Desemba 2020 kwa sababu ya ukungu wa nyumba waliyopanga wazazi wake. Mtu asiyeguswa na habari ile atateseka katika kazi yetu.

Kampuni kubwa za biashara za London huajiri takriban miaka miwili kabla, na fomu za mafunzo ya likizo hufunguliwa mapema msimu wa vuli. Wengine husoma maombi kadiri yanavyoingia, kwa hiyo kungoja tarehe ya mwisho ni kujipunguzia. Kama moyo wako uko huko, omba, lakini chache na kwa utulivu. Kwa unayoyaeleza, mimi nakuona zaidi katika ofisi za mtaani na za msaada wa kisheria. Hizo hutangaza zinapopata nafasi, na barua fupi iliyomtaja mkuu wa idara kwa jina husomwa.

La mwisho ni viza. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, ile mipaka ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo inahesabu pia kazi isiyolipwa yenye sharti la zamu, si ile ya malipo tu. Waone wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kabla hujaongeza siku popote. Viza ya baada ya shahada itakuwa ya miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027, ambayo haitoshi kwa QWE nzima ukiianza siku hiyo. Ndiyo sababu nakuhimiza uanze kuhesabu mwaka huu. Na kabla hujaomba ofisi yoyote kwa ajira ya kudumu, angalia orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini viza kwenye tovuti ya serikali. Ofisi ndogo nyingi hazimo.

SWALI: Mimi ni wakili Tanzania, nimefanya kazi ya mahakamani Dar es Salaam kwa miaka mitano. Mume wangu amehamishiwa kazi Manchester na tumehamia. Nianze upya kama mwanagenzi?
Mama Salma, Manchester

JIBU: Hapana, dada yangu. Wakili aliyekwisha kufuzu nje hadaiwi ile miaka miwili ya QWE. Unafanya SQE, na unaweza kuomba SRA wakusamehe SQE2, sehemu ya vitendo, kwa kuonyesha sifa na uzoefu wako. SQE1 ni maswali 360 ya kuchagua jibu katika karatasi mbili. Sheria ya mikataba na ya madhara (tort) hazitakusumbua, asili yake ni moja na ya kwetu. Jipange kwa sheria ya ardhi, maana sisi tumezoea hati ya kumiliki chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na huku ni mfumo mwingine kabisa, na kwa sheria ya amana (trusts), na hesabu za fedha za wateja. Wakati unasoma, tafuta siku mbili kwa wiki katika kituo cha sheria: QWE si sharti kwako, lakini waajiri watataka kujua kama umeshashika faili la Kiingereza. Msamaha wa SQE2 uombe kwanza, na usubiri jibu ndipo ulipie, kwa sababu sehemu zote mbili pamoja zinakaribia pauni 5,000.