12 ya GAD-7 na 22 ya Hamilton

Dada, unauliza kama kutoka alama 12 za GAD-7 uliyojijazia kwenye simu hadi 22 za Hamilton kwa daktari kunaonyesha kwamba umezidiwa. Hapana. Ni vipimo viwili tofauti vya wasiwasi. GAD-7, ya mwaka 2006, ina maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, kwa hiyo mwisho wake ni 21. Kuanzia 10 huhesabiwa wasiwasi wa kiasi, 15 ni mkali. Hamilton ni ya 1959: vipengele 14, kila kimoja hadi 4, jumla 56, na anayejaza ni mtaalamu baada ya kuzungumza nawe. Hata kuzigeuza asilimia ili uzilinganishe hakusaidii.

Tena Hamilton inabeba mambo mengi ya mwili: moyo kwenda mbio, pumzi, tumbo, kukojoa mara kwa mara. Kipengele cha mwisho ni jinsi ulivyokuwa pale kitini: vidole vinatetemeka? umekunja uso? unahema-hema? GAD-7 haikuulizi habari ya moyo kabisa. Ndiyo maana mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi anaweza kupata alama nyingi za Hamilton (ningemwuliza daktari kama hilo limeangaliwa).

Ukirudi kliniki, omba wakupime kwa kipimo kilekile. 22 ikishuka hadi 11, hapo mtakuwa na la kuzungumza. Ile ya kwenye simu ni ya kuchuja tu, haitoi jina la ugonjwa.