Rubinstein hakuwa bingwa wa dunia, nimsome wa nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Makambako, nimeanza sataranji (chess) mwaka jana baada ya kuzoea drafti. Napenda michezo ya Akiba Rubinstein, lakini rafiki yangu ananishangaa: mtu hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, unamsoma wa nini? Tena mimi nikibaki na ngome (kete kubwa ya kwenda moja kwa moja) na askari (kete ndogo ya mbele) mmoja wa ziada, bado tunatoka sare. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli hakuwa bingwa, ila mwambie rafiki yako na sababu zake. Zama zile bingwa ndiye aliyechagua acheze na nani na kwa masharti gani, na anayetaka taji alitakiwa kupata wafadhili wa kuweka dau. Rubinstein, Myahudi wa Stawiski, Poland, hakuwa na watu wa namna hiyo. Alikuwa na mikono yake tu. Mwaka 1911 kule San Sebastián alimfunga Capablanca, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia baadaye. Mwaka 1912 alishinda mashindano makubwa matano, mwaka mmoja huo huo! Ndipo pambano lake na bingwa, Emanuel Lasker, likazungumzwa kuchezwa 1914. Vita Kuu ikaingia, likafa. Mtu aliyezuiwa na fedha na vita, mimi siwezi kusema alishindwa.

Sasa ngome zako. Tafuta mchezo wake na Lasker wa St. Petersburg, 1909, mashindano ambayo wawili hao walimaliza sawa kileleni kwa pointi 14.5 katika michezo 18. Mimi huupanga kibarazani kwangu hapa Mwanjelwa, ngome mojawapo ni kizibo cha soda kwa sababu ya asili ilipotea, na kila mara nasimama pale pale. Rubinstein ana askari wa ziada kama wewe, lakini hamkimbizi. Anaipeleka ngome yake mahali inapombana Lasker, ngome ya Lasker inabaki kuwa mlinzi tu. Kisha mfalme wake anatembea taratibu. Nahisi wewe ukipata askari wa ziada unamsukuma mbele siku hiyo hiyo, ngome yako ikageuka mlinzi wake. Kabla ya kusogeza kete, jiulize: ngome ya nani inafanya kazi, na ya nani imefungwa kwenye ulinzi?

Baadaye maradhi ya akili yalimfanya aogope watu, na mwaka 1932 akaacha mashindano. Lakini miaka miwili kabla, kwenye Olimpiadi ya sataranji ya timu za mataifa kule Hamburg, Ujerumani, alikaa meza ya kwanza ya Poland, akacheza michezo 17: akashinda 13, sare 4, hakufungwa hata mmoja. Poland ikachukua dhahabu. Alifariki Ubelgiji mwaka 1961.

Mwite huyo rafiki yako Jumapili, mpange mchezo ule wa 1909 tangu zinapobaki ngome, askari na wafalme tu. Yeye mpe upande wa Lasker.